Kwa nini aurora za Mshtarii hazizimiki

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Lamu. Kitabu chetu kinasema aurora, ile mianga ya angani karibu na ncha, hutokana na chembe za jua zinazoongozwa na sumaku ya Dunia hadi kwenye ncha. Lakini nimesoma pia kwamba Mshtarii, iliyo mbali na jua mara tano kuliko sisi, ina aurora kali zaidi na tena haziishi. Ikiwa jua ndilo linalowasha, inakuwaje aliye mbali apate mwanga mwingi kuliko aliye karibu? Na sumaku ya sayari si imetulia tu mahali pake, inafanya kazi gani? Babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, anauliza kama mianga hiyo inaonekana kwa macho kutoka huku kwetu."

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hilo la sumaku iliyotulia, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yatajifungua yenyewe.

Ni kweli, sumaku iliyotulia haitoi mwanga. Iweke mezani mwaka mzima, haitawasha hata balbu ya tochi. Umeme hupatikana pale uga wa sumaku unapobadilika, au pale kitu kinachopitisha umeme kinapoukata uga huo kwa mwendo. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831, na jenereta za mahoteli ya Shela hufanya vivyo hivyo stima ikipotea. Kwa hiyo ukikutana na aurora ya sayari yoyote, uliza: ni nini kinachousogeza uga huu, na gharama ya mwendo huo inatoka wapi? Kwa Dunia, anayelipa zaidi ni jua. Kwa Mshtarii, anayelipa zaidi ni Mshtarii yenyewe, kwa nguvu ya kuzunguka kwake.

Anga inayozunguka sayari haiko tupu. Imejaa plazma, yaani gesi nyembamba mno ambayo atomi zake zimevunjika zikawa ioni na elektroni, kwa hiyo hupitisha umeme vizuri sana. Plazma na uga wa sumaku hushikana. Plazma ikisukumwa, uga hufuata. Uga ukizunguka, plazma huzungushwa nao. Uga huo tunauchora kwa mistari, na mistari hiyo ikipindwa hutaka kunyooka. Tena, pale penye mpindo pana mkondo wa umeme. Mpindo na mkondo ni jambo moja lililotazamwa pande mbili. Ukilisahau lolote katika barua hii, usilisahau hilo. Hannes Alfvén wa Uswidi alionyesha mwaka 1942 kwamba mpindo wa namna hiyo unaweza kusafiri kwenye mistari ya uga kama wimbi, na mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi zake juu ya plazma. Mawimbi yake tutayakuta mbele.

Duniani mambo huenda hivi. Upepo wa jua, nao ni plazma, hutufikia kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde ukiwa umebeba uga wa jua. Uga huo ukielekea kinyume na wetu, mistari ya pande zote mbili hukatika na kuungana upya, wa jua na wa Dunia. Upepo huiburuta mistari hiyo kuipeleka upande wa usiku, ambako hurundikana katika mkia mrefu hadi ikatike na kuungana tena. Hapo nishati iliyokuwa imewekwa kwenye mvutano hutoka kwa ghafla, elektroni zikatimuliwa kushuka kwenye ncha na kuzigonga atomi za oksijeni na naitrojeni. Mwingereza James Dungey ndiye aliyeuchora mzunguko huo mwaka 1961. Ndiyo maana aurora zetu hutegemea hali ya jua. Mei 2024 jua lilitupa mawingu kadhaa ya plazma kwa mfululizo, na watu wa nchi zilizo mbali kabisa na ncha wakaona anga jekundu usiku. Jua likitulia, mianga hurudi kuwa hafifu. Kitabu chako kiko sahihi kwa Dunia.

Sasa twende Mshtarii. Kwa umbali ule upepo wa jua umeshatawanyika hadi kubaki na msongamano wa sehemu moja kati ya 27 ya ule unaotufikia sisi. Shaka yako ni ya haki kabisa: upepo huo peke yake haungetosha. Lakini tazama upande wa pili. Sayari hiyo inaweza kuzimeza Dunia zaidi ya 1,300, na hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55. Sumaku yake kwa jumla ina nguvu mara 20,000 hivi kuliko yetu. Eneo linalotawaliwa na uga wake, tunaloliita magnetosfia, hufika mamilioni ya kilomita upande wa jua, na mkia wake hufika kwenye njia ya Zohali. Lau macho yetu yangeuona uga wa sumaku, magnetosfia ya Mshtarii ingeonekana angani kubwa kuliko mwezi mpevu.

Uga mkubwa unaozunguka kwa kasi, hata hivyo, bado hautoshi. Lazima uwe na kitu cha kuburuta, kitu kizito cha kuupinda. Kitu hicho hutoka kwa Io.

Io ni mwezi wa Mshtarii, mkubwa kidogo kuliko mwezi wetu. Wewe umezaliwa kisiwani na unajua maji kujaa na kupwa. Kule Io kinachojaa na kupwa ni mwamba wenyewe, kwa kiasi cha mita 100 hivi, kwa sababu Mshtarii inauvuta kutoka karibu huku miezi jirani, Europa na Ganymede, ikizuia njia yake isiwe duara kamili. Msuguano wa ndani huyeyusha mawe. Tarehe 9 Machi 1979 Linda Morabito, aliyekuwa akishughulikia picha za chombo cha Voyager 1, aliona wingu limesimama kwenye ukingo wa Io: volkano hai, ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Volkano hizo hutoa gesi ya salfa na oksijeni, na kiasi cha tani moja kila sekunde huponyoka kutoka kwa Io, kikapoteza elektroni zake na kuwa plazma.

Tani moja kila sekunde, mchana na usiku. Mara tu atomi inapogeuka ioni, uga wa Mshtarii huikamata na kuilazimisha izunguke pamoja na sayari. Pale ilipo Io, mwendo huo ni kilomita 74 kwa sekunde, ilhali Io yenyewe huenda kilomita 17 tu. Ioni iliyozaliwa sasa hivi hujikuta imenyakuliwa kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, na nishati ya kuinyakua hutoka kwenye mzunguko wa sayari.

Plazma hiyo haikai hapo. Kani ya mzunguko huisukuma nje polepole, ikatandaa kama sahani pana kwenye usawa wa ikweta. Kadiri inavyokwenda nje ndivyo inavyotakiwa iende kasi zaidi ili ilingane na sayari, na inashindwa. Umewaona watoto wakishikana mikono katika mstari mmoja, aliye mwisho akazunguka mahali pake na wengine wakamfuata? Wa upande wa nje hulazimika kukimbia kuliko wote, hubaki nyuma, mstari hupinda, na mikono yote huvutwa hadi kwa yule wa katikati. Mistari ya uga wa Mshtarii hupinda vivyo hivyo. Kuanzia umbali wa mara 20 hadi 30 ya nusu kipenyo cha sayari, plazma imeshaachwa nyuma, na mvutano wake hufika hadi kwenye angahewa ya juu ya Mshtarii.

Nilikwambia penye mpindo pana mkondo. Mkondo huo hupanda kutoka angahewa ya Mshtarii kwa kufuata mistari ya uga, hukatiza plazma kwenda nje huku ukiisukuma iongeze mwendo, kisha hurudi kwenye sayari kwa njia nyingine. Mkondo unapopanda, elektroni hushuka, maana chaji yake ni hasi. Karibu na sayari elektroni ni chache mno kuubeba mkondo wote, kwa hiyo hujengeka volti kubwa ya kuzivuta zishuke kwa nguvu. Zinapogonga haidrojeni, haidrojeni hung'aa, na mwanga huchora pete kuzunguka kila ncha ya sumaku. Pete hiyo haizimiki kwa sababu Io haachi kumwaga na Mshtarii haiachi kuzunguka. Thomas Hill alieleza mwaka 1979 jinsi plazma inavyobaki nyuma, na mwaka 2001 yeye, na pia Stanley Cowley na Emma Bunce wa Uingereza, wakaiunganisha hesabu hiyo na pete kuu ya aurora.

Hapa namjibu mzee. Mpe salamu zangu, na mwambie hapana, haionekani kwa macho. Aurora zetu ni za kijani na nyekundu kwa sababu ya oksijeni. Za Mshtarii ni za haidrojeni, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno, ambao angahewa yetu huuzuia, na infraredi, ambayo jicho haliioni. Picha za buluu mnazoziona zimetiwa rangi baada ya kupigwa na darubini ya Hubble iliyo juu ya angahewa. Lakini Io yenyewe mzee anaweza kuiona. Akipata darubini ndogo ya mkono, aiegemeze ukutani isitikisike, atazame Mshtarii: nukta zilizojipanga ubavuni mwake ni miezi minne mikubwa, na Io huwa haendi mbali na sayari. Akitazama tena usiku unaofuata ataikuta imehama, maana humaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu tu.

Tena Io ina mwanga wake pekee kwenye aurora. Plazma huipita kwa kasi ya kilomita 57 kwa sekunde, tofauti ya ile 74 na 17, na mwendo huo wa kukata uga huzaa volti laki nne hivi kati ya ubavu mmoja wa Io na mwingine. Piga hesabu mwenyewe: zidisha mwendo, nguvu ya uga ya sehemu mbili kwa milioni za tesla, na kipenyo cha kilomita 3,640. Vuruga hiyo husafiri kwenye mistari ya uga kama mawimbi ya Alfvén hadi Mshtarii, na pale inapogonga angahewa huacha doa angavu lenye mkia, linaloifuata Io inavyozunguka. Jack Connerney na wenzake walilipiga picha ya infraredi mwaka 1993. Europa na Ganymede nazo zina madoa yake. Kwangu mimi hakuna picha inayofunza kuliko hiyo: doa moja la mwanga linakuonyesha mstari wa uga unaanzia wapi na unaishia wapi, kitu ambacho vitabuni hubaki mchoro.

Umeme huohuo hutoa redio. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin walinasa Mshtarii ikitangaza kwenye masafa ya megahezi 22, na mwaka 1964 E. K. Bigg akaonyesha kwamba matangazo hayo hufuata mahali Io ilipo. Hapa Malindi, mbali kidogo na taa na mitambo ya mjini, redio ya masafa mafupi na antena ya waya uliotandazwa kati ya minazi miwili vinaweza kuyanasa, kwenye megahezi 20 hivi, wakati Mshtarii iko juu usiku. Klabu ya sayansi ya shule yenu inaweza kuifanya kazi hiyo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekupa hadithi nzuri kuliko ukweli wenyewe. Chombo cha Juno kiliingia kwenye njia ya kuizunguka Mshtarii Julai 2016, kikapita juu ya ncha zake, ndani kabisa ya mistari inayobeba elektroni hizo. Kilipima volti zinazofika 400,000, mara 10 hadi 30 ya zile kubwa zinazopimwa juu ya aurora za Dunia. Lakini pale aurora inapong'aa zaidi, mara nyingi hazikuonekana elektroni zilizosukumwa na volti moja iliyotulia. Zilikuwa na nishati za kila namna, nyingine zikishuka na nyingine zikipanda kwa wakati mmoja, dalili kwamba zinarushwarushwa na mawimbi yenye vurugu. Isitoshe, nadharia ya mkondo ilitabiri kwamba upepo wa jua ukiibana magnetosfia, plazma itazunguka kwa kasi zaidi, mpindo utapungua, na pete itafifia. Hubble mara nyingi imeona kinyume: pete huongeza mwanga.

Maoni yangu ni kwamba mlipaji hajabadilika, bado ni mzunguko wa sayari. Kinachobadilika ni namna malipo yanavyofika. Tulidhani ni mkondo mmoja mpana unaotiririka kwa utulivu. Sasa inaonekana nishati nyingi hubebwa na mawimbi na mipindo midogo isiyotulia, na mkondo umegawanyika katika nyuzi nyembamba. Darubini ya James Webb ilipoitazama Mshtarii tarehe 25 Desemba 2023 iliona mianga ikibadilika kwa dakika, mara nyingine kwa sekunde. Uga uliotulia haufanyi hivyo.

Kumbuka pia kwamba tani moja kwa sekunde haiwezi kurundikana milele. Upande wa usiku, plazma huivuta mistari ya uga nje hadi inakatika na kuungana upya, kipande kikang'oka na kwenda zake mkiani. Vytenis Vasyliūnas alilieleza hilo mwaka 1983. Ni kukatika kulekule kwa mkia wa Dunia, isipokuwa kinachovuta ni uzito unaotoka ndani na si upepo wa nje. Mistari iliyobaki hurudi kwa kishindo kuelekea sayari, na aurora hulipuka kwa kile tunachokiita dhoruba za alfajiri. Kutoka duniani tuliziona zikiwa zimekwisha kukomaa. Juno ilizishuhudia zikizaliwa upande wa usiku na kuzungushwa na sayari hadi upande wa mapambazuko.

Kuna na eksirei, na hapa pwani yetu inaingia. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Uhuru ilitafuta nyota na makundi ya nyota, lakini elimu iliyoanzia pale ndiyo iliyozaa darubini zilizoona ncha za Mshtarii zikipiga mapigo ya eksirei, kila baada ya dakika kadhaa kwa mpangilio. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliounganisha vipimo vya Juno na vya darubini ya XMM-Newton, ulionyesha chanzo: uga wa sumaku pembeni mwa magnetosfia hubanwa na kuachiwa kwa mdundo, mbano huo huamsha mawimbi, na ioni nzito za salfa na oksijeni huyapanda mawimbi hayo hadi kwenye ncha. Zinapogonga, hutoa eksirei. Volkano ya Io, ukiifuatilia, inaishia hapo.

Zohali iko katikati ya Dunia na Mshtarii kwa tabia. Nayo huzunguka upesi, na ina mwezi unaomwaga, Enceladus, ambao mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliukuta ukirusha mvuke wa maji. Lakini jua lina sauti zaidi kule. Januari 2004, Cassini ikiwa bado njiani ilipima upepo wa jua huku Hubble ikiitazama Zohali, na upepo ulipokuja na kishindo aurora iliwaka kwa siku kadhaa. Kuna na jambo linalonishangaza hadi leo. Mhimili wa sumaku ya Zohali umelala karibu kabisa juu ya mhimili wa mzunguko wake. Tofauti haifiki sehemu moja kwa mia ya digrii. Uga wa namna hiyo haupaswi kuyumba, na bado redio ya aurora zake hupiga kwa mdundo wa takriban saa 10 na dakika 45, mdundo unaobadilika miaka inavyopita na usiolingana kaskazini na kusini. Vipimo vya infraredi vya darubini ya Keck vinaelekeza kwenye pepo za angahewa ya juu ya Zohali yenyewe, ambazo huisogeza gesi yenye chaji ndani ya uga na kuzalisha mkondo. Ukirudi kwa Faraday utaona hakuna kilichovunjwa; kipitisho cha umeme kimetembea ndani ya uga.

Uranusi na Neptuni zilitembelewa na chombo kimoja tu, Voyager 2, Januari 1986 na Agosti 1989. Uranusi huzunguka imelala ubavu, na mhimili wa sumaku yake umeinama digrii 59 kutoka ule wa mzunguko, tena kitovu cha sumaku hakiko katikati ya sayari. Kwa hiyo katika siku moja ya saa 17 na kidogo, uga huo huupa upepo wa jua uso tofauti kila saa, ukifunguka na kufunga. Aurora zake, ambazo Hubble ilizipiga picha mwaka 2011, zilikuwa madoa ya muda mfupi, wala hazikuchora pete. Neptuni ina mwinamo wa digrii 47. Aurora zake hazikupigwa picha hadi James Webb ilipoielekea Juni 2023, na matokeo yakatolewa mwaka 2025: mianga iko kwenye latitudo za kati, mbali na ncha za mzunguko, kwa sababu huko ndiko ncha za sumaku ziliko. Darubini za ardhini zilikuwa zimeitafuta kwa miaka mingi ile ioni ya haidrojeni yenye atomi tatu, ambayo ndiyo hung'aa kwa infraredi, zikaikosa. Webb ilipopima joto sababu ikajulikana: angahewa ya juu ya Neptuni imepoa mamia ya digrii tangu Voyager 2 ilipopita, na ioni hiyo ikipoa mwanga wake hufifia mno.